Kitenge cha Funguo

Lomé, Jumapili

Dada yangu mpenzi Dédé,

Nakuamkia kwa heshima, na kabla ya yote nataka kujua habari za kifua chako. Je, hewa ya vilima vya Atakpamé imekituliza? Na watoto wako wa darasa la kwanza bado wanakutia wazimu? Huku tu wazima. Mama angali anabishana na redio.

Sasa nikupe habari za kibanda changu sokoni. Akiba yangu yote, kama ujuavyo, niliitia kwenye marobota manane ya kitenge kipya, cha samawati chenye funguo kubwa za manjano. Nilijiona mjanja kweli. Badala ya kusubiri wanawake wakipe jina kama ilivyo desturi yetu, nilikipa mwenyewe: "Baraka ya Nyumba". Nikaandikisha bango, nikalipia tangazo redioni. Miezi miwili, Dada, liliuzika pande moja, na aliyenunua ni Mama.

Unanijua, jambo nisilolielewa huniwasha. Nilichukua kigoda nikaenda kukaa kwa muuza akume, ugali wetu wa mahindi, nyuma ya vibanda, wanakopumzika wateja. Kila aliyekishika kitenge changu akakiacha, nilimuuliza kwa nini. Mmoja alisema eti ni kizuri mno. Mwingine akataka kujua kama lile ni jina la kitenge au la sabuni, wakacheka mpaka nami nikacheka. Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja, Ablavi, mwenye wake wenza wawili. "Wee Koko," aliniambia, "kitenge navaa nimseme mwenzangu bila kufungua mdomo. Wewe umeshasema yote kwenye bango. Mimi nibaki na nini?"

Bango nikaling'oa siku hiyohiyo. Tangu hapo nikawa nawauliza wateja wao wanaona nini. Wengine waliona gereza, wengine ghala la tajiri bahili. Nilifurahi kusikiliza, ingawa hakuna aliyenunua.

Hapa mkono unakuwa mzito. Wiki ya pili mwanamke mmoja aliuliza funguo zote hizo ni za nani, na ulimi ukaniponyoka. Nilisimulia habari za mke ambaye mumewe alipotelea kwa hawara siku tatu, akarudi ananukia manukato. Mke hakumtukana. Alikuwa ameshaita fundi. Bwana alizikuta suruali zake kibarazani, zimekunjwa vizuri, na juu yake ule ufunguo wa zamani uliofungwa uzi mwekundu.

Walipiga vigelegele, Dada! Kabla ya adhuhuri kitenge kilikuwa na jina: "Kufuli Nimebadilisha". Bibi Ablavi alichukua mapande matatu. Kufika Ijumaa robota la mwisho lilikuwa limekwisha.

Lakini waliniuliza mke huyo ni nani, nami kwa furaha ya mauzo nikajibu kuwa ni dada yangu. Kila mtu anajua nina dada mmoja tu. Jambo lililokufanya uhame mji ili lisisemwe, sasa linavaliwa sokoni. Nimekuuza, Dédé, na siwezi kusingizia ulimi, maana nilipoona wanacheka niliendelea. Naona aibu.

Wakala aliyeniuzia yale marobota anataka jibu la shehena ya pili kabla ya mwisho wa mwezi. Nimemwambia asubiri barua yako. Ukikataa, sitaagiza hata yadi moja. Pamoja na barua hii nakutumia pande la kwanza nililoliweka kando, yadi sita, ulivae au ulitie moto.

Mama anakusalimu sana, na jirani yetu Akouvi pia. Nisalimie walimu wenzako.

Nilikuwa na sababu kumi za kukushawishi ukubali, nimezifuta. Kukusemea nimekusemea vya kutosha. Nusu ya chini ya karatasi hii nimeiacha tupu. Andika mwenyewe, unirudishie.

Mdogo wako,
Koko