Nukta Iliyoharibu Hesabu Yetu

Observatory,
Johannesburg.
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mpendwa Mama mdogo Zuhura,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo umepunguza kukusumbua. Je, Ahmad ameshapona kikohozi? Sisi huku hatujambo. Baridi bado ipo. Mama anavaa jozi mbili mbili za soksi na kukilaumu kilima chetu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu naishia kusema "nzuri" tu.

Kuna jambo linanibana kifua. Wewe unapiga watu picha za eksirei kila siku hapo hospitalini, kwa hiyo utanielewa kuliko Mama, ambaye ameniambia nile kwanza.

Mimi na Lerato, rafiki yangu wa darasani, tuliingia mashindano ya sayansi ya shule, tukachagua kuchunguza kundi moja la galaksi kwa picha za eksirei. Darubini iliyozipiga iko juu angani, maana hewa yetu huizuia mionzi hiyo isifike chini. Picha zenyewe ziko kwenye mtandao, hata mwanafunzi anaruhusiwa kuzichukua. Kati ya galaksi hizo imetanda gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Kwa macho huioni, ila kwenye eksirei inang'aa kama ukungu, na ukilijua joto lake unaweza kukadiria uzito wa kundi zima.

Kundi letu lilitoka zito karibu mara mbili ya tulivyotarajia. Tukashinda shuleni. Jumamosi tunasimama mbele ya majaji wa mkoa, na washindi watakaa wiki nzima na wanafizikia wa chuo kikuu kilichoko mtaa wa Doornfontein. Lerato ameshaziandika tarehe za wiki hiyo kwenye mlango wa kabati lake.

Jumanne nililinganisha picha yetu na picha ya kawaida ya anga. Ile nukta yenye mwanga mkali katikati ya picha yetu, niliyodhani ndiyo kitovu cha kundi, si ya kundi kabisa. Ni galaksi nyingine, iko mbali sana nyuma yake, na ina shimo jeusi linalomeza gesi na kuifanya ing'ae. Nilitakiwa kuifuta kabla ya kupima, maana mionzi yake ilihesabiwa kama ya gesi, ndipo kundi likaonekana zito. Hiyo ilikuwa kazi yangu, si ya Lerato. Nilimkumbuka yule bibi uliyetusimulia habari zake, aliyepigwa picha ya kifua akiwa na sarafu kwenye pindo la kanga, daktari akataka kumlaza akidhani iko ndani.

Nimeifuta na kupima upya mara tatu. Kundi letu ni la kawaida.

Jana nilimwambia Lerato tukingoja robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, iwe ya kijani tuvuke.

"Eish, Tumu," akasema, "wewe hata ukikanyagwa unaomba radhi. Leo ndiyo umepata mdomo?"

"Majaji wataiona."

"Wewe umeitazama miezi minne, uliiona?"

Robot ikawa ya kijani. Akavuka peke yake. Leo darasani amehamia kiti cha mbele, na hajageuka hata mara moja. Kesho nitamweleza mwalimu wetu, Bwana Sipho. Nimeshaamua.

Nilikuwa nimeacha hapo, Lerato akagonga mlango. Amekuja na mkasi na gundi. Hakusalimia.

"Utaongea wewe," akasema. "Dakika zote kumi. Mimi nitashika bango tu, na sitatabasamu."

Mama mdogo, sijawahi kusema mbele ya watu zaidi ya watano. Sasa hivi yuko sakafuni jikoni anaikata ile namba ya zamani kwenye bango letu, nami huku chumbani ameniamuru nirudie sentensi ya kwanza kwa sauti mpaka aisikie kutoka huko. Nimefika mara ya sita. Anasema bado.

Nisalimie Bibi, Baba mdogo Jumbe na Ahmad. Tuombeeni dua Jumamosi, saa nne asubuhi ya huku, kwenu itakuwa saa tano. Mungu akulinde wewe na wagonjwa wako.

Ni mimi mwanao, nikupendaye sana,
Tumu