Waya wa Kijani Ninao Mimi

Kitinda mimba wangu,

Chai iko kwenye chupa, mkate nimeufunika. Spika zote nimezipangusa, hata zile mbili ulizoziweka nyuma ya kochi. ~~Waya wa kijani wa kuziunganisha na laptop sijui uko wapi.~~ Nimefuta. Siwezi kuandika uongo halafu niende kusali. Waya ninao mkobani.

Asubuhi nilikusikia ukimwambia dada yako kwenye simu, "Nikishamfungia mama spika, leo leo naondoka."

Mwanangu, tangu baba yako afariki, redio yake inanitosha. Spika niliziomba ili uje kuzifunga.

Usinunue waya mwingine. Nikitoka ibadani nakuletea, uunganishe polepole, nami nikae pembeni nikuulize kila waya kazi yake.

Mama yako