Namba ya Kitanda cha Nne

Ijumaa, 7 Juni 2013. Al Nahda.

Hamisi, mdogo wangu,

Joto la leo linachoma hata kivulini.

Nimempiga mtu.

Leo ni arobaini yako. Mama alipanga khitma baada ya swala ya Ijumaa, wakaweka kompyuta sebuleni ili nami nisikie nikiwa huku. Sikukuzika, Hamisi. Chuma kilipokuponda kule ghalani Al Quoz, walikusafirisha nyumbani peke yako. Kafeel wangu, mwajiri anayeshikilia pasipoti yangu, alininyima ruhusa ya kusafiri. Dua hii ndiyo pekee iliyobaki kwangu.

Unajua ruta ya chumba chetu haizipi kompyuta namba za kuingilia mtandaoni; kila moja lazima iwekewe namba yake ya peke yake. Ndiyo maana ulimwandikia kila mtu faili lake la amri, mistari minne tu. Unabofya, kompyuta inaingia mtandaoni. Ukabandika na karatasi ukutani: namba ya kila kompyuta iishie kwa namba ya kitanda cha mwenyewe. "Mtu hasahau anapolala," ulisema ukicheka. Tangu uondoke natumia kompyuta yako. Faili lako sikuligusa.

Walipofika kwenye sura ya Yasin, sauti ikakatika. Ikarudi neno moja, ikakatika tena. Kitandani kwako alikaa Baraka, mgeni kutoka Mwanza aliyehamia jana, na laptop yake mapajani. Anacheka.

"Bro, na yangu inakufa! Mtandao wenu una kifafa?"

Nilidhani ndiye anayeukata, tena ananidhihaki. Nikampokonya laptop, nikamgonga nayo usoni. Nikamvuta sakafuni, nikampiga ngumi mpaka jino lake likanichana kidole. Nilisikia pua yake ikivunjika. Damu ikaruka hadi kwenye shuka lako.

Sikuacha hata aliponiomba.

"Nimefuata karatasi tu, kaka! Kitanda cha nne, namba nne! Khalas, basi, utaniua!"

Mwachiro wa kitanda cha kwanza ndiye aliyenikaba shingo akanitoa juu yake.

Nikafungua faili lako. Mwishoni kulikuwa na nne. Mimi hulala kitanda cha pili. Kompyuta mbili zilikuwa zinagombea namba moja, zinatoana nje, na mwenye kosa ni mimi. Kubadilisha nilijua, ulinifundisha mwenyewe. Ila tangu uondoke sikuwa na moyo wa kuifuta nne yako.

Sasa nikaifuta, nikaandika mbili, nikabofya. Mtandao ukatulia.

Mama alikuwa peke yake mbele ya skrini. "Tumeshamaliza, mwanangu. Dua umeisikia?"

"Nimeisikia, Mama."

Mwachiro amempeleka Baraka hospitali. Wakirudi nitamwomba radhi kwa kupiga magoti, na akitaka polisi, nitaenda naye bila ubishi.

Hamisi, ulipovunjika mkono ukiwa darasa la tatu, mimi ndiye niliyekukata kucha kila Ijumaa, moja moja, na hukulia hata mara moja.

Unikumbuke kwa mkono wangu ule, si huu wa leo.