Mwanamke Anayenijia Tangu Dawa Ibadilishwe

Timbwani, Likoni
Machi 1994

Mpendwa Bi Nyevu,

Naomba unipokee hivi nilivyo kwenye safu yako ya gazeti, maana sina mwengine wa kumwambia haya akayasikiza mpaka mwisho. Mimi ni mke wa mtu, na maradhi ya sukari ninayo tangu nikiwa msichana wa chuoni, kwa hivyo sindano ya insulini kwangu ni kama kupiga mswaki, najichoma asubuhi na jioni, na kichupa changu nakiweka ndani ya chungu chenye mchanga wa majimaji kwa kuwa friji hatuna, na maisha yalikuwa yakienda hivyo bila ya neno mpaka kliniki walipoibadilisha dawa.

Ile ya zamani ilikuwa ya ng'ombe. Siku niliyopewa mpya nilimuuliza sista Pascalia, nesi anayetuhudumia, kama hii ni ya nguruwe, maana hayo yamewahi kusemwa mtaani, naye akacheka akaniambia, "Hapana, Mwanasiti, hii haina mnyama. Ni bakteria, vijidudu vidogo, vimetiwa maagizo ya binadamu ya kutengeneza insulini, basi vinaitengeneza ndani ya mapipa huko ng'ambo, sawasawa na ile ambayo mwili wako ungeitengeneza kama ungeweza." Nikarudi nyumbani nimefurahi. Lakini lile neno, maagizo ya binadamu, likanibakia kichwani. Binadamu gani?

Ndipo alipoanza kunijia. Alasiri nimejilaza mkekani, upepo unaingia kwa dirisha la uani, nazama kidogo kidogo, namwona mwanamke amekaa katikati ya mapipa yanayong'aa, na ndani ya mapipa hayo vile vijidudu ni vingi kama chenga za mchanga lakini kila kimoja kina mwanga wake, vinafanya kazi bila kulala na vinavuma kwa sauti ya chini kama watu wanaosoma dua pamoja, na yule mwanamke mikono yake imelowa, ananitazama kama aliyenijua tangu nizaliwe. Mara moja tu nilimuuliza yeye ni nani. Akasema, "Mimi ndiye ninayekulisha." Nikaamka nina machozi, na moyo wangu umetulia kama haujapata kutulia.

Sasa Bi Nyevu nina mimba, ya kwanza baada ya kungoja sana, na kwa furaha yangu nikamsimulia mavyaa wangu, Bi Dhahabu, mama yake mume wangu, ndoto ile, nikidhani atafurahi nami. Alikuwa akichagua mchele. Akaliweka sinia chini.

"Yaani wewe kila siku watiwa mtu usiyemjua mwilini, kisha watuzalia mtoto? Huyo mtoto atakuwa wa nani?"

"Ni wa Badi, mama."

"Sikuuliza baba. Nauliza mama."

Badi mume wangu aliporudi kutoka kiwandani Changamwe mama yake alimweleza yote, naye akanawa mikono, akala, kisha akaniambia bila kuniangalia, "Mama ana wasiwasi tu. Lakini kama yawezekana kuipunguza mpaka ujifungue, ipunguze." Basi naipunguza. Nilianza kwa nusu, tena nusu ya nusu, na tangu jana sijachoma kabisa, wao nyumbani hawajui kama nimefikia kuacha. La ajabu ni kwamba kadiri ninavyoipunguza ndivyo yule mwanamke anavyozidi kuja, hata mchana nikiwa jikoni nauona mwanga wa mapipa ukutani, macho yana ukungu, nanywa maji mtungi mzima na kiu haikatiki, na usingizi unanichukua mtamu ajabu, wallahi sijui kuueleza. Na kinachonitisha si yeye. Kinachonitisha ni kwamba nampenda. Je, niache sindano ili mtoto awe wangu, au nichome nimzalie mtu mwengine? Barua hii nampa jirani anayevuka feri kwenda kazini aifikishe mkononi mwako, nijibu upesi, nimechoka.

Mwanasiti

*

Mwanasiti mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, na sikuimaliza kabla ya kushika simu kuipigia kliniki yenu. Mwenye sukari tena mjamzito akiniandikia kwamba ameacha sindano, ana kiu isiyokatika na usingizi unamchukua, hayo hayangoji gazeti. Ndiyo sababu sista Pascalia alikuja kwako adhuhuri ile ile akakukuta huwezi kusimama, na Badi akaitwa kazini. Ulitiwa maji ya mshipa na insulini, na sasa unakaa, unakula, na moyo wa mtoto umesikika. Umeniruhusu nikujibu hadharani ili na wengine wasome. Basi nisikilize.

Nimemuuliza daktari swali lako, binadamu gani, na jibu lake nimelipenda. Hakuna. Hakuna mtu aliyekatwa wala kutolewa damu kwa ajili ya kichupa chako. Wataalamu waliyaunda maagizo yale maabara, kipande kwa kipande, kwa kemikali, wakifuata mfano wa yale tuliyo nayo sote, mimi, wewe, Badi na mama yake, kisha wakayatia ndani ya bakteria. Bakteria wakaitengeneza insulini, ikatolewa, ikasafishwa, na wao hawamo kwenye dawa. Ile insulini nayo haikugeuzi damu. Inafanya kazi yake ya kuishusha sukari, kisha inakwisha, ndiyo maana jioni unachoma tena. Kwa mtoto haivuki. Kinachomvukia ni sukari, na sukari ikizidi ndiyo inayomdhuru. Ulidhani unampa haki yake, kumbe ulikuwa ukimnyima.

Na ule usingizi mtamu, binti yangu, ulikuwa ni sukari iliyopanda inakuvuta chini taratibu. Sikatai ndoto yako. Ilianza kabla, na ilikuwa nzuri, nami nilipoisoma niliona haya kuikatiza. Pascalia ameniambia kwamba ulipopata fahamu uliuliza kwa nini yule mwanamke haji tena, ukalia. Lia, si aibu. Akija siku moja ukiwa umechoma sindano yako na umekula, mpokee. Akija ukiwa na kiu, mkimbie, nenda kliniki.

Wewe nakugombeza kwa moja tu: ulijua mwili wako tangu usichanani, ukaukabidhi kwa maneno ya sebuleni. Badi namgombeza zaidi. Bwana Badi, "ipunguze" si neno la kutamkwa na mtu asiyejua dozi, tena akiwa anatazama sahani. Nimesikia tangu siku ile hujaondoka kando ya kitanda chake, na hilo nimeliweka upande wako. Wewe Bi Dhahabu, dada yangu, hofu yako naijua, ni ya mtu anayetaka mjukuu wake. Ulipomwona mkweo amelala vile ulisema, "Mchomeni, mchomeni hiyo hiyo." Umeshajijibu mwenyewe swali lako.

Sasa fanyeni hivi. Sindano ni asubuhi na jioni, kiasi anachosema daktari, na kiasi hicho kitabadilika mimba ikikua, kwa hivyo usikipange wewe wala mtu yeyote nyumbani. Usichome bila kula. Kiu ikirudi au macho yakipata ukungu, usijilaze kwanza, ondoka. Kliniki ya wajawazito wenye sukari ni Alhamisi. Nenda na mumeo, na mavyaa wako akiwa na swali aje aliulize pale pale. Pascalia ameshaahidi kuwawekea nafasi wote watatu, mfike mapema.