Mama Mzazi Hateki Maji

Jumamosi. Upepo wa mlimani umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Mwili umechoka, ila moyo umetulia.

Leo Martina amemleta mwanawe kupimwa uzito. Ameongezeka. Nilimpima mara mbili. Ya kwanza kwa kazi, ya pili kwa raha zangu.

Nieleze tangu mwanzo. Mimi ni nesi wa kujitolea kwenye zahanati ndogo ya huku tambarare, nje ya Katesh. Mtoto wa Martina alizaliwa njiti. Nilimfundisha mama yake kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, akae naye ndani. Siku chache baadaye nikakutana naye njiani akiswaga punda wenye madumu, mtoto yuko mgongoni, upepo unawapiga. Mumewe alikuwa amemtuma maji.

Nilimwendea yule bwana kwa upole, kisha kwa ukali. Kila mara aliitikia, "Sawa, nesi." Kesho yake punda walitoka tena, na Martina nyuma yao.

Niliogopa. Mtoto mdogo kiasi kile, baridi haichukui muda kumdhuru.

Nikamweleza bibi mmoja wa Kibarabaig, jirani wa zahanati, mtu anayeheshimika sana. Alichukua fimbo yake akaenda zake, nami nikajua nimepoteza maneno.

Kumbe sikuwajua. Kwa Wabarabaig mama mzazi hateki maji. Hukaa ndani, hulishwa maziwa na samli mpaka apate nguvu. Mume akivunja hilo hajamkosea mkewe peke yake, amewakosea wanawake wote, na wanawake wana baraza lao. Kumbe bibi alikwenda kuwaita. Walitoka maboma ya mbali, wengine wazee kabisa, wakaketi juani karibu na boma la yule bwana. Hakuna mwanaume aliyethubutu kuwasogelea. Wakamtoza dume la ng'ombe. Alibisha, akanuna, akatuma watu wamwombee. Kabla jua halijazama dume likatolewa. Kisha wakawapangia wasichana wa maboma ya jirani zamu ya kumtekea Martina maji.

Hivyo tu. Mtoto akabaki kifuani.

Wiki nzima redioni wanajadili likizo ya uzazi. Nani alipe, mwajiri au serikali? Na mama asiye na mwajiri, je? Wageni wa kipindi wanaongea vizuri na wanataja nchi za mbali. Ningependa wafike na huku. Sisemi kila kitu cha huku ni chema. Hata lile dume lilikuwa mali ya nyumba ya Martina pia. Lakini sijawahi kuona haki ya mama ikisimamiwa na watu wengi namna ile, tena bila posho. Nawastahi sana wanawake hawa. Nasema wazi, nawaonea na wivu kidogo.

Maana na mimi nina mtoto mchanga. Anayejitolea hana likizo. Ukikaa nyumbani, nafasi yako anapewa mwingine, na siku ya ajira hakuna anayekukumbuka. Kwa hiyo nilirudi kazini kidonda cha upasuaji bado kinavuta.

Leo yule bibi alikuwa amemsindikiza Martina. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akamtazama mwanangu mgongoni kwangu muda mrefu.

"Huyu wako bado mdogo sana. Wewe nani alikutoa ndani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Tuambie tu jina. Tutaenda kukaa kwake."

Nikamwambia nitafikiri. Tangu jioni nafikiri kweli. Mganga wetu mfawidhi? Naye yuko peke yake, amechoka kuliko mimi. Mume wangu alinisihi nisirudi. Halmashauri? Wizara? Mimi mwenyewe?

Wale akina mama wako tayari kutembea kwa ajili yangu, mgeni kutoka Iringa. Niwapeleke kwenye boma la nani?