Espérance Amefungwa kwa Kiapo

Siku ya Mungu, Mudzipela, mutaa wetu hapa Bunia. Mvua inanyesha tangu mchana, matope yamefika mpaka mulangoni. Ndani kumenyamaza. Sijazoea.

Kaka yangu Faustin aligonga muzee jirani yetu kwa pikipiki, akakimbia. Muzee akavunjika muguu. Walipomushitaki, Faustin alikana. Akatuomba, mimi na Espérance, tuseme kwamba siku ile alikuwa na siye kwenye matanga, katika kijiji cha Fataki.

Espérance ni mutoto wa mama mudogo. Tulikimbia vita pamoja, tukafika Bunia na blanketi moja. Tangu wakati ule tunakaa chumba kimoja.

Kwenye tribinali yeye ndiye aliitwa wa kwanza. Akainua mukono, akaapa, akasema vile Faustin alimufundisha.

Kisha mimi. Hakimu akanionya: «Mama, ukiapa halafu useme uongo, ni weye utafungwa.»

Muzee alikuwa ameketi mbele yangu, magongo yamelala kwenye magoti. Maneno ya Faustin nilikuwa nayajua yote. Hayakutoka.

«Hakukuwa na siye,» nikasema.

Hakimu akamurudisha Espérance, akamuuliza kama anabadilisha maneno. Nilimuomba kwa macho abadilishe. Alimutazama Faustin, akaogopa, akarudilia uongo ule ule.

Faustin amefungwa. Espérance naye akafunguliwa kesi ya ushahidi wa uongo, akafungwa.

Mama hapokei simu yangu. Leo kanisani, mama mudogo aliponiona naketi karibu, alisimama akahamia benchi ya nyuma. Hakuna aliyenisalimia.

Nilipotoka misa nilipeleka sombe, majani ya muhogo, na maharagi gerezani. Espérance amekonda.

«Yaya,» akaniuliza, vile anamwita dada yake mukubwa, «ulipotoka nyumbani asubuhi ile, ulijua utasema ukweli?»

«Sikujua. Nilijua nilipomuona muzee.»

«Ungenishika tu mukono, ningejua na miye.»

Akapokea chakula, akarudi ndani bila kugeuka.

Sijutii nilichosema. Muzee hakuvunjika muguu kwa ndoto. Lakini tulikuwa tumeketi bega kwa bega kwenye benchi ile, na alipoitwa nilimuacha asimame bila neno, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa ningali natafuta ujasiri.

Ninamupenda kuliko watu wote. Nani mwingine ningemuelezea haya, kama si yeye?

Nitarudi gerezani kesho. Akikataa kutoka, nitamuachia mulinzi chakula, halafu nirudi kesho kutwa, mpaka siku atakubali kuketi na miye.