Nyuki wa Injini ya Kushoto

Jumamosi, baada ya magharibi.

Imeruka! Ile ndege ya mapangaboi mawili, iliyolala miaka kadhaa kwenye uwanja wetu hapa Tabora, leo imeuzunguka mji mzima ikarudi salama, nami fundi wake nikiwa ndani. Niliogopa, sitaficha. Kipande kimoja cha nta nilichosahau kingetosha kuizima injini angani...

Maana nyuki walikuwa wamejenga ndani ya injini ya kushoto. Mhandisi kutoka Dar alitaka kupuliza sumu. Nikamwambia, "Ndugu, ukiwaua, masega yatabaki mle mle. Baba yangu ni mrina asali." Akacheka, lakini akakubali.

Baba alikuja kutoka Itetemia na mzinga wake wa gome. "Shikamoo," mhandisi alimtupia huku akisoma karatasi zake. Hilo limenikera wiki nzima. Baba akaitikia, akawasha moshi, akawahamisha nyuki, akachomoa masega mpaka la mwisho.

Leo tuliposhuka, mhandisi alimkimbilia baba, aliyekuwa akitungoja uwanjani. "Mzee, ile asali bado ipo?"

"Ipo, mwanangu. Lakini kwanza niamkie, unitazame."

Mhandisi akavua kofia. "Shikamoo, mzee." Mafundi wote tuliisikia.